Kigae Cheusi cha Suguti

Getruda wa Suguti alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Ukimwuliza tena, alikutazama mpaka jibu la kwanza likurudie lenyewe. Aliolewa, akazaa wawili akazika wawili, akafiwa na mume, na katika yote hayo hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosa. Majirani walitania kwamba hata kwenye kitubio haendi kuungama, anakwenda kumweleza Mungu jinsi ilivyokuwa.

Kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali kuliko yeye, aliyempiga vidoleni kwa kijiti kila alipoacha ukuta wa chungu mnene upande mmoja. Miaka arobaini baadaye vidole vile vilikwenda vyenyewe, yeye akiwa anaongea na watu. Miaka ya dhiki, sabuni ikigawiwa kwa vipande na sufuria hazionekani madukani, hata wake wa maofisa wa Musoma mjini walimtumia watu wawachukulie vyungu, wao waliokuwa wamesahau chungu kinashikwaje. Vyungu hivyo ndivyo vilivyomlea na kumsomesha Wenceslaus, mtoto wa marehemu mdogo wake, mpaka akawa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja pale mjini.

Kisha biashara ikafunguliwa. Sufuria zikaingia kwa magunia kupitia mpaka wa Sirari, ndoo za plastiki za kila rangi zikaning'inia sokoni, na wake wa maofisa wakapotea kama walivyokuja. Getruda hakulalamika. Alisema sufuria haijui kupika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ikatosha. Wenceslaus naye hali ilikuwa hiyo hiyo. Mshahara wake haukufika katikati ya mwezi, na wenzake waliokuwa wakifeli hesabu darasani sasa walikuwa na meza za mitumba Bunda, wamevaa saa.

Mwezi wa sita mwaka themanini na nane, pamba ikiwa inavunwa, Wenceslaus alifika Suguti na kikopo cha filamu mfukoni.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Akakaa, akafungua kikopo. Ndani mlikuwa na unga mweusi, laini kuliko masizi. Getruda akauchungulia bila kuugusa.

"Nini hii, baruti?"

"Ni udongo."

"Udongo wa wapi mweusi namna hii?"

"Wa kutengenezwa. Una shaba ndani yake, na vitu vingine viwili ambavyo hata mimi majina yananikwama. Kanitumia yule rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, Mlimani, yuko kwa Wajerumani sasa. Anasema tangu mwaka jana wakubwa wa sayansi dunia nzima hawalali kwa ajili ya udongo huu."

"Wana nini nao?"

Wenceslaus alikuwa mwalimu mzuri. Akatafuta njia ya kumpitishia.

"Umeme ukipita kwenye waya huwaga unasukumana, mamkubwa. Kama mtu anayekatiza mnada wa Bunda. Anagongwa, anakanyagwa, anatoka jasho, na jasho lake ndilo lile joto la waya. Sasa udongo huu ukichomwa vizuri ukawa kigae, halafu ukaupoza kwa baridi kali sana, umeme unapita kama vile mnada hauna mtu. Hauchoki. Hauachi joto hata chembe. Ukiuzungusha humo, unazunguka tu."

"Baridi kali ya wapi? Ya Tarime?"

"Tarime ni jikoni. Zamani vitu vya namna hii vilitaka baridi ambayo hapa kwetu hata ukiiota huipati. Huu wa sasa unatosheka na baridi ya Hamduni."

"Hamduni yupi, Bwana Mrija?"

"Huyo huyo."

Hamduni alijulikana kuanzia Bunda mpaka Butiama. Baba yake alikuwa fundi cherehani, yeye akawa bwana mifugo wa kupandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija badala ya dume. Mbegu za madume alizibeba nyuma ya pikipiki katika mtungi wenye naitrojeni, kitu kama maji lakini baridi yake inachoma kidole kama moto, na mtungi ukifunguliwa unatoa moshi mweupe unaoanguka chini badala ya kupanda.

"Na utajuaje kama kigae kimekubali?" Getruda akauliza.

Wenceslaus akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake kipande cha sumaku kidogo kama punje ya mtama. "Kigae kikishapoa kwa naitrojeni, unaweka hii juu. Haigusi. Inaelea hewani."

Getruda akacheka kwa pua. "Juu ya udongo niliouchoma mimi?"

"Wewe. Tanuri la umeme la maabara lilikatika waya, na vipuri hakuna. Nani mwingine ninayemjua anayejua moto?"

Neno hilo lilimwingia vizuri, lakini hakuonyesha. "Na kikikataa?"

Mwalimu akafunika kikopo. "Kikikataa, naacha ualimu. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto wa watu nawaambia sayansi si ya watu wa mbali, halafu sina hata kitu kimoja cha kuwaonyesha. Nimechoka kuchora ubaoni. Leonardi, mmoja wa wale waliokuwa wakifeli hesabu, ananisubiri Bunda, tunaanza pamoja."

"Mnaanza nini?"

"Nguo."

"Wenceslaus. Nilichimba udongo miaka kumi na moja ukiwa shuleni. Sikuuchimba ili uje uuze mitumba ya kafa Ulaya."

"Basi nichomee kigae, mamkubwa."

Akamsomea barua ile mstari kwa mstari. Moto upande mpaka rangi ya chungwa bivu, ukae hapo tangu asubuhi hadi jioni. Moshi usikiguse kigae, ila hewa safi ikifikie. Kupoa kuwe polepole, siku mbili, maana ni katika kupoa ndipo kinapovuta hewa, na bila hewa hiyo ni mkaa tu. "Na maji," akamalizia, akiweka kidole kwenye karatasi. "Maji yasikiguse. Hata tone."

"Nimesikia."

Kwenye ghala la pamba walimkuta dereva mmoja anayesubiri kupakia. Jeki ya lori lake ndiyo iliyoukandamiza unga ule ndani ya chuma cha beringi, ukatoka kidonge cha ukubwa wa shilingi. Walibakiza unga kidogo wa kutandika chini yake, kisiungane na chungu kwa ule moto mkubwa. Getruda akafinyanga chungu kidogo chenye shingo ndefu kama mrija wa kiko, akakikausha, na kwa tofali za tope akajenga ukuta wa mviringo wenye matundu upande wa ziwani. Kuni na samadi hazifiki kwenye rangi ya chungwa, hilo alilijua. Alitumia mkaa wa mgunga. Chungu, kidonge kikiwa ndani yake, kilikaa katikati ya mkaa, shingo yake imetokezea nje ya ukuta, kigae kivute hewa ya nje wakati mwili wake uko motoni. Wenceslaus alizunguka mara mbili kuliangalia jambo hilo.

"Hili hata kwenye barua halimo," akasema.

"Aliyeandika barua hajawahi kuchoma chungu."

Walichoma siku nzima. Upepo wa ziwa ulipolegea Getruda alifungua matundu, ulipokaza aliyaziba kwa tope, macho yake kwenye rangi, hakuangalia kitu kingine. Jioni akafukia yote kwa jivu, na Wenceslaus akarudi mjini kufundisha, akisema atakuja Ijumaa.

Alhamisi Getruda akafukua peke yake. Kigae kilikuwa bado na uvuguvugu. Kilikuwa kizima, bila ufa, lakini kikavu, cha kijivujivu, kama kipande cha mkaa kilichopakwa jivu. Alikigeuza kiganjani na hakukipenda.

Kila chungu kilichotoka kwenye moto wake, kingali cha moto, kiliogeshwa kwa maji ya magome yaliyochemshwa. Magome ndiyo yanayoziba matundu na kutoa rangi. Mama mkwe alisema mfinyanzi anayetoa chungu bila kukiogesha ametoa mtoto uchi barabarani. Kwa miaka arobaini hakuwahi kutoa mtoto uchi. Na huyu alikuwa anakwenda Bunda kwa Hamduni, mbele ya watu.

Ile "hata tone" aliikumbuka vizuri kabisa. Lakini alijiambia mengi pale alipochuchumaa. Kwamba magome ni dawa. Kwamba barua iliandikwa na kijana, ikasomwa na kijana, na kijana huyo alijifunza kushika kijiko nyumbani kwake. Akachemsha magome, akakitumbukiza kigae, akakiacha humo mpaka kesho yake. Kilipotoka kilikuwa cheusi kinang'aa kama ngozi ya samaki kamongo. Wenceslaus alipokiona akafurahi sana, na Getruda hakusema neno.

Jumamosi walikuwa Bunda, barazani kwa Hamduni. Getruda alifunga safari kwa sababu alitaka kuona mwenyewe.

"Shikamoo mama," Hamduni akasema. "Leo tunampandisha nani, ng'ombe au mwalimu?"

"Marahaba baba. Anza na mwalimu, ng'ombe anajua njia."

Hamduni akacheka, akafungua mtungi, akatumbukiza kijiti na kupima. Uso ukamtulia. "Mwalimu, nakupa kikombe kimoja. Naitrojeni ikishuka chini ya alama hii, madume yangu yote yanakufa bila kuugua. Gari la Arusha linaloileta limekwama, halina matairi, na hakuna anayeniambia litakuja lini."

Walikuwa wamekiweka kigae katika kibakuli kilichozungushiwa pamba ili baridi isikimbie. Hamduni akamimina. Ilichemka, ikafoka moshi, ikatulia. Wenceslaus akaishusha sumaku kwa kibano juu ya kigae, akaiachia.

Ikakaa.

Akaiinua, akaiachia tena.

"Mwalimu," Hamduni akasema, "hiyo imekaa."

"Naona."

"Imekaa kama mgeni aliyesikia harufu ya ugali."

Walijaribu mpaka naitrojeni ikaisha kibakulini. Hamduni, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alipoona mwalimu anakunja pamba yake taratibu bila kuinua kichwa, aliacha utani. "Sikiliza. Jumamosi ijayo niko Butiama, kule Mwitongo, nawapitia wenye ng'ombe wa maziwa. Nitamalizia kwa Mzee Keraryo. Kutabaki kikombe kimoja cha kukupa. Baada ya hapo sina, mpaka gari lije."

Walirudi Musoma juu ya lori la pamba, wameketi kwenye marobota. Walipokaribia daraja Wenceslaus akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumatatu naandika barua ya kuacha kazi. Si kosa la mtu. Pengine unga uliharibikia njiani. Pengine mimi sikuelewa ninachokisoma. Nimekuwa nikijidanganya kwamba naelewa."

Getruda alitazama barabara. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona akichemsha magome. Kijana angeuza nguo, angevaa saa, na jina la mfinyanzi wa Suguti lingebaki zima. Alilipima jambo hilo kwa mwendo wa kama maili moja. Kilichomshinda ni lile neno la kijana, kwamba haelewi. Mtoto huyo alikuwa ameelewa kila kitu.

"Nilikitia kwenye magome," akasema.

"Nini?"

"Kigae. Alhamisi. Kililala kwenye maji ya magome mpaka Ijumaa."

Wenceslaus akageuka. "Nilikuambia, mamkubwa."

"Uliniambia. Sikuwa kiziwi."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu niliona najua kuliko wewe." Akamalizia, na maneno yalitoka kama jiwe linalong'olewa shambani. "Nimekosa."

Mwalimu akampa mgongo. Alikuwa amemkasirikia, na alikuwa na haki. Lori lilivuka daraja, likapanda mlima. Getruda ndiye aliyeanza tena, kwa maana kuomba radhi hakukumwondolea uwezo wa kutoa amri.

"Chungu kikivunjika tunakifanyaje?"

"Mamkubwa, hiki si chungu."

"Nimekuuliza."

"Mnakisaga. Mnachanganya na udongo mpya."

"Na hicho kipya?"

"Kinavumilia moto kuliko cha kwanza," Wenceslaus akasema. Kisha akatoa barua mfukoni, akaifungua kwa vidole vyenye haraka, upepo ukiipiga. Alisoma sehemu fulani mara mbili. "Wenyewe pia wanasaga. Wanachoma, wanasaga, wanachoma tena, hata mara tatu. Maji yamekula ngozi yake tu, pengine. Tukiikwangua ile ngozi..."

"Tuna siku ngapi?"

"Sita."

"Zinatosha kama utaacha kuongea."

Wenceslaus alitaka kuomba ruhusa shuleni kwa kusema ana msiba. Getruda akamkataza asimzulie mtu kifo. Aseme ana kazi. Akasema hivyo, akapewa. Jumapili baada ya misa walikwangua ngozi yote nyeusi inayong'aa mpaka wakafikia kijivu, wakakisaga kilichobaki kwa kinu cha maabara, wakipokezana, mpaka kikawa unga usiosikika kidoleni. Jumatatu jeki. Jumanne moto. Siku hiyo upepo ulikuwa mkaidi, na mara mbili rangi ilitaka kurudi kwenye wekundu. Getruda aliivuta juu kwa kufungua na kuziba, nyusi zikamwungua upande mmoja. Safari hii Wenceslaus hakuondoka. Ijumaa alichuchumaa kando ya jivu, akamtazama mama yake mkubwa.

"Utatoa wewe?"

"Toa wewe. Mikono hii haijazoea kuambiwa." Akaificha chini ya kitenge chake.

Kigae kilitoka kama kile cha kwanza kilivyokuwa, kikavu, cha kijivujivu, uchi. Wakakifunga kwa pamba, wakakitia katika kopo la mchele mkavu uvute unyevu, wakafunga mfuniko.

Mzee Keraryo wa Mwitongo hakuwapokea kwa furaha. Alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa na aliwaogopea kila kitu.

"Hayo mambo ya kuelea," akasema, "mnayafanyia kwenye zizi langu? Ng'ombe akitoa mimba namdai nani?"

"Mdai mwalimu," Hamduni akasema, akinawa mikono. "Ana mshahara."

"Wa mwalimu? Bora nimdai ng'ombe."

Wakatoka nje ya zizi, wakaweka kibakuli chenye kigae juu ya kigogo kilichokatwa karibu na mlango. Hamduni akapima mtungi wake kwa kijiti, akapima tena, akaguna, akamimina kikombe alichoahidi, akaongeza tone la huruma. Moshi ukaanguka pande zote za kigogo. Wakangoja ichemke, itulie. Wenceslaus akaegemeza kiwiko kwenye kigogo, akaishusha sumaku, akaiachia.

Haikufika chini.

Ilisimama hewani, imeinama upande mmoja, pengo kati yake na kigae jembamba kama njiti ya kiberiti. Keraryo akang'oa unyasi, akaupitisha katika pengo lile polepole, ukatokea upande wa pili. Akaupitisha tena, kama mtu anayetafuta uzi. Hamduni alikuwa ameshika mfuniko wa mtungi wake na kusahau kuufunga, mpaka Getruda akamwambia, "Baba, madume yako." Akaufunga.

Wenceslaus akaigusa sumaku kwa ncha ya kibano. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka pale pale hewani, bila mhimili, bila kamba. Aliangalia kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mtoto aliyekuwa akilala tumbo chini nje ya nyumba, mbele ya kitabu.

Naitrojeni ilipungua. Sumaku ikashuka kidogo kidogo, ikagusa kigae, ikakaa kama kitu chochote.

"Sasa wanafunzi wataona nini?" Keraryo akauliza. "Yamekwisha."

"Gari la Arusha likija," Hamduni akasema, "kabla sijagusa ng'ombe wa mtu nitapitia shuleni kwako, mwalimu. Mimi mwenyewe nataka kuiona tena."

Wenceslaus alikuwa anakipangusa kigae kwa pamba kavu. "Jumatatu nitaanza na kidato cha tatu. Nitawaambia nilichokiona, na kigae chenyewe watakishika. Gari likija wataona."

"Waambie na kile cha kwanza," Getruda akasema.

"Kipi, kilichokataa?"

"Kilichokataa, na sababu yake. Usiwafiche aliyekiharibu."

"Niseme ni mama yangu mkubwa?"

"Mama wakubwa wako wengi," akasema, akijifunga kitenge vizuri kwa safari. "Sema ni Getruda wa Suguti. Na hiki cha leo useme hivyo hivyo."